Mbili, Kisha Moja

Verna Sutterfield alikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi dogo la kanisa la Walutheri, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na daftari ambalo hakuwa amemwonyesha mtu. Walikuwa watu wanane garini. Saba kati yao waliamini kwa moyo wote kwamba ndani ya ile misitu ya misonobari iliyokuwa ikipita dirishani anaishi Sasikwachi, jitu la manyoya lenye urefu wa futi nane na haya nyingi kuliko bibi harusi. Wa nane alikuwa Verna, naye hakujua anaamini nini.

Hawakuwa wapumbavu, ingawa majirani zao mjini Chehalis walikuwa na maoni yao. Garth Lindqvist, mwenyekiti wa chama, alikuwa fundi wa meno ya bandia na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kazi. Roxie Pell, aliyeketi jirani na Verna na pai ya matunda ya msituni magotini, alikuwa amesambaza barua miaka thelathini na moja bila kupoteza hata kadi ya Krismasi. Siku nyingine zote walikuwa watu wa kawaida, wa kodi na wajukuu. Ila kila Jumamosi ya pili ya Oktoba walipanda basi wakaenda kumtembelea Mzee Orrin Hasket, aliyelitafuta Jitu kwa miaka sitini, na njia nzima wakawa watoto wanaokwenda kuoga mtoni.

Safari iliwekwa Oktoba kwa sababu ya nadharia ya huyo mzee. Nyumba yake iko ukingoni mwa Mto Kessock, na ng'ambo kuna mgongo wa mlima usiokaliwa na mtu. Kila siku, baada ya chai yake, mzee alitoka barazani akagonga gogo kwa rungu: mbili, akahesabu hadi tano, kisha moja. Mwaka mzima hapakuwa na jibu. Lakini wiki ya pili ya Oktoba, mwaka hata mwaka, kutoka ng'ambo lilirudi: mbili, kisha moja. Mzee akachunguza, akapima maji, akahesabu samaki, akatangaza kwamba Jitu hupita pale likifuata samoni wanaopanda mto. Nadharia ya Oktoba ilijulikana na kila mtu wa shughuli hii kuanzia Oregon hadi Kanada.

Na huu ulikuwa mwaka wa tatu ng'ambo iko kimya.

Mwanachama halisi alikuwa Wendell, mume wa Verna. Alikuwa mnoa misumeno katika kiwanda cha mbao, kazi ya masikio na vidole, na kila Oktoba kiwanda kilipofungwa kwa matengenezo alibeba hema na rungu lake akaingia msituni peke yake siku tisa. Hata alipostaafu hakubadilisha wiki, kwa hiyo ziara za chama kwa mzee hakuwahi kwenda. Wapi hasa, hakusema. Watu hawa huficha sehemu zao kama waokota uyoga wanavyoficha zao. Mwenzako wa chama atakuazima gari, lakini anapopiga hema hatakwambia. Wendell hakumwambia hata mkewe, na mkewe, kwa kiburi, hakuuliza.

Verna aliuonea wivu msitu, hilo lisemwe wazi. Mume akiwa na mwanamke nje unajua pa kuanzia: unakwenda unamvaa, mnamalizana. Msitu utauvaa wapi? Oktoba zote hizo alibaki nyumbani akisafisha makabati yasiyo na uchafu, na Wendell aliporudi na udongo mwekundu kwenye viatu na uso unaong'aa, alimwekea chakula bila kumuuliza lolote. Ule uso ndio uliomuudhi. Kwa ajili yake haukuwa umeng'aa hivyo muda mrefu.

Februari mwaka juzi Wendell alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, mapafu yamechoka, siku zake zikihesabika. Asubuhi moja alimshika mkono akamwambia, "Tulikuwa tunajibizana, Verna. Mimi na lenyewe. Kila mwaka."

"Sawa, mpenzi," Verna akamjibu. "Lala sasa."

Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiwabembelezea wanawe wakiwa na homa. Wendell akamtazama kidogo, akauachia mkono. Hakulitaja tena jambo hilo, na baada ya siku mbili akafariki. Verna alikuwa ameishi na mtazamo ule tangu siku hiyo. Aliamka nao na alilala nao. Mtu alimpa kitu alichokithamini kuliko vyote, yeye akamwambia alale.

Ndiyo maana alikuwa mle garini. Kwenye sanduku la vifaa vya kunolea alikuta daftari lenye Oktoba zote, limejaa saa na tarehe na namba asizozielewa, na alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa Mzee Hasket, mtu ambaye neno lake katika mambo haya lilikuwa mwisho wa maneno. Alitaka aambiwe kama Wendell alijibiwa kweli. Akiambiwa ndiyo, Jumapili angekwenda makaburini akamwombe mumewe radhi. Akiambiwa hapana, hakujua angekwenda kumwambia nini.

Mzee aliwapokea mlangoni, mrefu, amejikunja mgongo, suruali imeshikiliwa na kanda za mabegani, na vifaa vya kusikilizia masikioni kote kuwili.

"Mzee, hujafa tu?" Roxie akamwuliza.

"Nilisikia unaleta pai."

Akawakaribisha, akawamiminia kahawa nyeusi tii katika vikombe visivyofanana. Garth, kwa heshima zote, akauliza habari ya mwaka huu, na mzee akasema hakuna. Wiki nzima amegonga, na wiki nzima ni maji ya mto tu. Akagusa sikio lake. Mwaka wa kwanza wa kimya, akasema, alidhani ni umri, akaenda akanunua hivi vidude. Sasa anasikia panya wakitafuna darini na jirani wa maili nzima akigombana na mkewe, lakini ng'ambo hakusikiki kitu.

"Limehama," Garth akasema. "Labda moto wa mwaka juzi."

"Limekufa," akasema mzee. "Halikuwa na desturi ya kukosa."

Alisema bila kutia chumvi, na wote wakatazama vikombe vyao. Verna aliona kwamba mzee huyu alikuwa amefiwa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu, maana dalili alizijua kwake mwenyewe: namna ya kutazama mlango, namna ya kuanza sentensi na kuiacha.

Baada ya pai, Garth aliwaongoza wenzake uani kwenye banda la plasta. Humo mna rafu hadi darini, na kila rafu ina nyayo kubwa za plasta nyeupe zilizokaushwa kwenye matope ya miaka sitini. Desturi ya ziara ni kwamba kila mgeni huchagua unyayo mmoja, akaugeuza, akasoma kwa sauti jina lililoandikwa nyuma. Si jina la mzee aliyeimwaga plasta. Ni la mtu aliyeziona nyayo kwanza, awe mkata magogo au mama wa nyumbani, kwa sababu Mzee Hasket alishikilia kwamba mtu akichekwa na mji mzima kwa alichokiona, haki yake ndogo ni jina lake lisipotee. Verna hakwenda bandani. Alibaki jikoni akijifanya anaosha vikombe.

"Vikombe vitaoshwa tu," mzee akasema nyuma yake. "Wewe una jambo."

"Nina kitu cha mume wangu. Sitaki wengine wakione."

"Kwa nini?"

"Kimeandikwa mahali pake."

Mzee akaelewa papo hapo. Akausukuma mlango kwa mguu ukafungika, akavuta kiti, akavaa miwani. Verna akatoa daftari. Akaeleza kwa kifupi Wendell alikuwa nani, kwamba alikwenda msituni kila kiwanda kilipofungwa, alifariki lini, na alisema nini asubuhi ile, na yeye alimjibu nini. Sehemu ya mwisho ilimtoka kwa shida. Mzee hakumpoza wala hakumlaumu, akaomba tu asomewe namba za ukurasa wa kwanza.

Ukutani palikuwa na ramani iliyojaa pini. Verna alisoma namba, mzee akazifuata kwa rula na penseli, moja kutoka juu, moja kutoka pembeni, mpaka mistari miwili ikakutana. Akabaki ameishika penseli palepale.

"Zisome tena."

Akazisoma. Penseli haikusogea. Mzee akageuka akatazama dirishani, ng'ambo ya mto, kwenye ule mgongo wa mlima wenye misonobari, kisha akairudia ramani, kisha dirisha.

"Alikuwa anapitia wapi huyu bwana?"

"Sijui. Viatu vyake vilirudi na udongo mwekundu."

"Barabara ya magogo," mzee akasema polepole. "Iliporomoka na mafuriko ya tisini na sita, daraja likaenda na maji. Nikasema hakuna mtu atakayepita kule tena. Maili sita kwa miguu, juu ya miti iliyoanguka." Akavua miwani akaivaa tena. "Ngoja."

Kutoka rafuni aliteremsha kitabu kikubwa chenye jalada la kijani. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu alizozipiga kwa rula: Saa, Jibu, Nani. Akaukuta mwaka wa elfu mbili na moja, mwaka wa jibu la kwanza, akaweka kidole.

"Soma Oktoba ya kwanza."

"Tarehe tisa," Verna akasoma. "Saa kumi na dakika kumi. Limegonga, mbili, kisha moja. Nimejibu."

Mzee akasoma cha kwake. "Tarehe tisa. Saa kumi na dakika kumi. Nimegonga, mbili, kisha moja. Limejibu."

Wakatazamana.

"Tarehe kumi," Verna akasema, sauti imepungua. "Saa tisa na nusu. Mvua. Limegonga. Nimejibu."

"Saa tisa na nusu. Mvua. Nimegonga. Limejibu."

Waliendelea. Mwaka wa pili, wa tatu, wa nne. Kila alichosoma yeye, mzee alikuwa nacho upande wake, saa ileile na mvua ileile. Walipofika mwaka wa tano Verna aliliacha daftari mezani. Alipoongea, hasira ilitangulia machozi.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Miaka yote aliniacha peke yangu kwenda kumsikiliza mzee anayegonga gogo barazani kwake."

"Na mimi miaka yote nilikuwa namsikiliza mnoa misumeno aliye likizo." Mzee alifikiri kidogo, kisha kitu kikamjia usoni. "Samaki," akasema. "Bi Verna, nimewafundisha watu wa majimbo matatu kwamba ni samaki. Nimechora michoro. Kumbe ni kiwanda kufungwa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kifaa cha sikio kikaanza kupiga mluzi akalazimika kukichomoa, akacheka mpaka machozi yakawa machozi ya jambo jingine, akayafuta kwa kitambaa cha vyombo. Nadharia ya maisha yake ilikuwa imelala mezani kati ya makombo ya pai. Verna alimhurumia, na huko kumhurumia kukampunguzia hasira.

"Alikuwa mjinga basi," akasema. "Mume wangu."

"Wajinga tulikuwa wawili, na mmoja wetu ndiye aliyeandika kijitabu."

Kijitabu Verna alikijua. Wendell alikuwa nacho, kurasa ishirini, kimechapwa kabla ya wanawe kuzaliwa, kimevimba kwa unyevu. Mzee aliukariri ukurasa wa kumi na moja. Hivi ndivyo Jitu linavyogonga, mbili, kisha moja. Nawe gonga hivyohivyo, mara moja kwa siku. Ukijibiwa, usigonge tena na usifuate, kwa maana kila aliyefuata jibu alilipoteza. Andika saa, shukuru, nenda zako.

"Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nne, najua kila kitu," mzee akasema. "Na yeye akatii. Na mimi nikatii kitabu changu mwenyewe. Kwa gari ni saa moja na nusu kuzunguka, halafu hizo maili sita, na wakati ule miguu nilikuwa nayo. Ningebeba kahawa kwenye chupa. Ningemkuta amekaa."

"Angekufa kwa aibu," Verna akasema. "Halafu angefurahi. Hakuwa na rafiki mwingine wa mambo haya, si wa kweli. Kule chamani alikuwa anakaa nyuma."

Mzee alikuwa anafungua kurasa. Alisimama kwenye mwaka mmoja, akakunja uso. "Elfu mbili na kumi na moja. Nisomee."

Verna akatafuta. Baada ya mwaka wa kumi ulifuata wa kumi na mbili. "Hakuna ukurasa."

"Mimi ninao." Mzee akausogeza kitabu ili auone mwenyewe. Siku tisa, mistari tisa, na kwenye safu ya Jibu mara tisa: hakuna. Kwenye mstari wa mwisho, nje ya safu, kwa mwandiko uliobanwa, palikuwa na maneno zaidi: Nimegonga mara nne leo, kinyume na kanuni. Nina wasiwasi. Wawindaji wamekuwa wengi mwaka huu.

Verna aliusoma mstari ule mara mbili. Mwaka huo alipasuliwa tumbo, hospitalini Olympia, na kidonda kikaingia uchafu. Alimwambia Wendell aende tu msituni, alimwambia kwa ukali, kwa sababu alitaka kuona kama ataenda. Wendell hakwenda. Alilala kwenye kiti cha plastiki siku tisa, wauguzi wakamgombeza kwa kuweka viatu dirishani. Alikuwa kimya mno siku zile, akikaa ameelekeza uso mlimani, na Verna, kwa maumivu na kwa tabia, akajiambia amenuna.

"Alikuwa na mimi," akasema.

Alikuwa amezihesabu Oktoba zote alizoachwa, moja moja, kwa miaka ishirini, akazitunza. Ile moja Wendell alipobaki naye hakuwahi kuihesabu. Wendell alijua kwamba kule mtoni kuna kitu kinagonga na hakipati jibu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, wala hakumtupia neno. Verna alilia palepale jikoni mwa mtu asiyemjua, bila kujificha uso, na mzee akamwacha alie.

Alipotulia, mzee alizungumza kwa upole lakini kwa ukavu wake uleule. "Ulikuja kuuliza kama alijibiwa. Alijibiwa. Kila mwaka aliokuja. Nilikuwa nashinda miezi kumi na moja nikiisubiri wiki ile, mama. Hilo unaweza kwenda kumwambia."

Kisha akauliza swali ambalo Verna hakulitarajia. Aliuliza Wendell alikuwa mtu wa namna gani.

Verna akamwambia. Alimwambia kwamba aliweza kusikia jino moja butu kwenye msumeno wenye meno mia, akiwa chumba cha pili. Kwamba aliimba vibaya na hakuacha kuimba. Kwamba hakuweza kupita mbwa bila kuzungumza naye, na kwamba maganda ya chungwa aliyamenya yote kipande kimoja akamwekea kando ya sahani, kila Jumapili, miaka arobaini na mbili, bila sababu yoyote anayoijua mtu. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa kama anavyosikiliza ng'ambo. Akiwa katikati ya maneno, Verna alitambua kwamba tangu mazishi hakuwa amemzungumzia Wendell bila kinyongo, na kwamba amemkosa vibaya sana.

Nje sauti ya Roxie ilisikika ikisoma jina nyuma ya plasta, na watu wakacheka. Mzee akavuta kalamu. Kwenye safu ya Nani, katika kila mstari uliojibiwa kwa Oktoba kumi na tisa, palikuwa na alama ya kuuliza. Aliamini kufa na kupona, lakini hakuwa amewahi kuandika kile asichokiona kwa macho.

"Kitabu lazima kiseme kweli," akasema. "Chama nitawaandikia mwenyewe, kwa jina langu, hizo habari za samaki nizizike nilizozizaa. Lakini la kwake siandiki bila ruhusa yako. Wengine watacheka."

Verna alifikiria zile rafu za bandani. Alifikiria pia mtu aliyetembea maili sita juu ya miti iliyoanguka ili hata mkewe asijue alipo.

"Jina liandike," akasema. "Mahali usiandike."

Mzee akaiondoa penseli mezani, akachukua kifutio, akafuta ile mistari miwili ya ramani mpaka karatasi ikabaki safi. Kisha akaanza kujaza jina, Wendell Sutterfield, mstari baada ya mstari, kwa mkono wa uzee usio na haraka, na hakutumia alama za kurudia. Ilichukua muda. Garth alipobisha mlango kusema muda wa kugonga umefika, mzee alikuwa ameufikia mwaka wa nane, akasema yaliyobaki atayamaliza kesho.

Kugonga ndiko kulikofunga ziara kila mwaka. Wote hujipanga barazani, simu zimezimwa, Garth ameshika kinasa sauti chake chenye sufi juu yake, na baada ya mzee kugonga hakuna anayekohoa kwa dakika kumi. Verna alisimama mwisho wa baraza, kwenye ukingo wa mbao. Jua lilikuwa upande wa pili, na mgongo wa mlima ulikuwa mweusi, kasoro sehemu moja ambapo misonobari miwili ilikuwa imeachana ikaacha uwazi. Mzee alikuwa amemwonyesha kwa kidevu walipokuwa wanatoka. Pale.

Kila Oktoba kwa miaka ishirini hakuwa amejua mumewe yuko wapi. Sasa alijua mpaka mti, na hayupo. Alitamani, kwa nguvu iliyomshtua, kuyarudisha maji nyuma kwa siku moja tu, asimame hapahapa, amwone akitokeza kati ya ile miti miwili na rungu lake begani, akiimba vibaya.

Mzee akagonga. Mbili. Akahesabu. Moja. Sauti ikavuka maji, ikaugonga mlima, ikaisha.

Walisubiri. Garth alikuwa amefumba macho. Roxie alikuwa ameuma mdomo. Mzee Hasket alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umezunguka sikio, na Verna, akimtazama, aliona jambo lililomchoma kuliko yote ya siku ile. Mzee alijua sasa. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa wino, na bado alikuwa anasikiliza. Naye Verna pia, kwa kiu ileile, alikuwa anaisikiliza ng'ambo.

Hakupanga alichofanya. Aliinua mkono wa kushoto, na kwa pete yake ya ndoa akagonga ukingo wa baraza. Mbili. Akahesabu hadi tano. Moja.

Garth alifumbua macho akamkazia, rekodi ya mwaka huu imeharibika. Mtu mmoja akaguna.

"Saa ngapi?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Saa kumi na dakika tatu," akasema Garth. "Lakini mzee, huyo ni Verna. Hiyo haihesabiki."

"Nimesikia."

Kitabu cha mwaka huu kilikuwa kwenye kiti. Mzee aliketi, akakifungua juu ya goti, akaandika saa. Kwenye safu ya Jibu akaandika ndiyo. Kwenye safu ya Nani akaandika Verna Sutterfield, akaupuliza wino mpaka ukauka, akakifunga.

Halafu aliegemea rungu akainuka, na watu wa chama, waliokijua kijitabu chake neno kwa neno, wakamwona akiuacha upande wake wa baraza na kuanza kutembea kulifuata jibu. Zilikuwa hatua tisa hivi. Alizichukua moja moja, akiwapita wote, mpaka akafika ukingoni aliposimama Verna, akashusha pumzi.

"Kahawa ipo," akamwambia.